Jiko la kubeba mgongoni: lijaribu kwa ugali kabla ya kupanda Usambara

Huwa napandisha vijana kutoka Tanga mjini hadi Lushoto, kisha tunakata milima kwa miguu mpaka Mtae. Swali haliishi: "Kaka, ninunue jiko gani?" Nami huuliza: utapika nini, na moto wake utaununua wapi?

Hatua ya 1: Tafuta mafuta kwanza, jiko baadaye. Zunguka madukani Ngamiani, hapo Tanga mjini. Makopo marefu ya gesi, yale ya majiko bapa ya mezani, hayasumbui sana kupatikana. Kopo fupi linalokazwa kama skrubu mimi huliona kwa nadra, na usimwagize ndugu aje nalo kwa ndege, hairuhusiwi. Mafuta ya taa utayakuta hata kibandani kijijini.

Hatua ya 2: Chagua aina. Gesi ndiyo safi na ya haraka. Tatizo ni baridi: butani tupu ikikaribia nyuzi sifuri haitaki kutoka, na kopo lenyewe hupoa kadiri unavyopika. Asubuhi ya Julai liweke ndani ya koti kwanza. Lililochanganywa na propani halisumbui hivyo.

Jiko la spiriti ni jepesi na halina cha kuharibika, ila spiriti ina nguvu ndogo kuliko mafuta ya taa, kwa hiyo chupa huisha upesi. Mwali wake juani hauonekani. Usiongeze spiriti mpaka uwe umepitisha kiganja juu yake, kwa mbali, ukahakikisha limezimika na kupoa.

Jiko la pampu la mafuta ya taa, la aina aliyoibuni Msweden Lindqvist mwaka 1892, ni la kundi kubwa. Lazima ulipashe moto kichwa kwanza, la sivyo litakutolea moshi na miali mirefu. Jiko la mchina la utambi liache nyumbani. Likilala ndani ya begi, nguo zote zitanuka wiki nzima.

Hatua ya 3: Songa ugali. Hapa ndipo wengi huumbuka. Majiko mengi yametengenezewa watu wa kuchemsha maji tu. Mimi nilinunua moja la kukaa juu ya kopo. Kule Mtae, nikiwa naukandamiza ugali kwa mwiko, miguu mitatu ile ikateleza na sufuria ikalala chini. Tulikula mkate mkavu. Sasa, kabla sijalipia, naweka sufuria yangu juu yake hapo hapo dukani na kuikoroga kwa nguvu. Likitikisika, naliacha. Lenye mpira wa kuvuta gesi kutoka kopo lililo pembeni, na miguu mipana iliyo chini, hushinda.

Hatua ya 4: Pima. Mwombe mangi wa dukani mizani. Pima kopo, chemsha lita moja nyumbani, pima tena. Gesi huliwa takriban gramu 15 hadi 20, upepo ukiwa haupo. Kopo lenye gesi gramu 220 ni kama lita 11 hadi 14. Watu wawili wanaochemsha lita 4 kwa siku watalimaliza siku ya tatu au ya nne, na ugali unakula zaidi.

Hatua ya 5: Upepo. Kinga jiko kwa jiwe au begi lililo mbali kidogo. Usizungushie bati jiko lililokaa juu ya kopo: joto likirudi chini, kopo hupasuka. Na ndani ya hema usiwashe kabisa, hata mvua inyeshe vipi. Hewa ya sumu haina harufu. Siku hiyo tunakula tende na karanga, nami hubeba za kutosha.