Namna ya Kuvuka Mto kwa Miguu na Kupita Penye Nyoka Porini

Wengi wanaoingia porini huwaza chui na simba, ilhali kinachostahili tahadhari ya kwanza ni pale wanapokanyaga, hasa majini. Mto wenye kasi hauhitaji kina kirefu kumwangusha mtu mzima. Maji ya magotini yanatosha.

Kabla ya kuvuka, tembea kandokando ya mto utafute sehemu pana, ambapo kwa kawaida maji hutandaa na kupungua kina, na uepuke kona, kwa kuwa mkondo huchimba ukingo wa nje. Chunguza pia mto unakoelekea: pakiwa na maporomoko au miti iliyolala majini, hapo hapafai hata pakionekana rahisi. Usivue viatu. Fungua mkanda wa kiunoni wa mkoba ili uweze kuutupa ukianguka, kisha elekeza uso mto unakotoka, simika fimbo imara mbele yako, na usogee kwa upande polepole, bila kuinua mguu kabla fimbo haijashika chini. Ukisombwa, lala chali miguu ikitangulia, wala usijaribu kusimama kabla ya kufika penye maji machache, kwa maana mguu ukinaswa kati ya mawe, mkondo utakusukuma na kukuzamisha.

Maji yakibadilika ghafla kuwa ya tope na kuanza kubeba majani na vijiti, panda juu upesi hata kama hapo ulipo jua linawaka, kwani huenda mvua imenyesha mbali, kwenye chanzo.

Nyoka wengi hukimbia wakihisi kishindo. Hatari ni kumkanyaga au kumshika bila kumwona. Ukikuta gogo njiani usiliruke: panda juu yake, tazama upande wa pili, ndipo ushuke. Usitie mkono kwenye ufa wa mwamba usioona ndani yake, na usiku usitoke hemani bila tochi na viatu.

Mtu akiumwa, mtulize, mvue pete na saa kabla hajavimba, funga kiungo kilichoumwa kwa gango, yaani kijiti kilichonyooka, kisitikisike, kisha abebwe hospitalini, kwani akitembea sumu husambaa haraka zaidi. Kuchanja jeraha, kunyonya sumu na kukaza kamba, ambavyo bado vina watetezi wengi mno, humzidishia madhara. Usipoteze muda kumsaka nyoka. Kumbuka rangi na ukubwa wake, na saa aliyouma, umweleze daktari.