Kupiga gitaa kwa vidole vitupu

Ukiacha piki, yaani kile kibamba kidogo cha kupigia nyuzi, legeza mkono kwanza. Mwendo utoke kwenye kifundo cha mkono, si begani. Ukishuka, nyuzi ziguswe na kucha ya kidole cha shahada. Ukipanda, ziguswe na nyama ya kidole hichohicho, kwa wepesi, tena nyuzi nyembamba tatu au nne tu zinatosha. Wengi hukosea hapo: huchimbia kidole ndani ya nyuzi, kikanasa na mdundo ukakatika. Pitia juujuu.

Kwa wimbo wa taratibu napendelea kushuka kwa nyama ya kidole gumba. Sauti hutoka nene, laini, na haimfuniki mwimbaji. Nyuzi za chuma hukwaruza kuliko za nailoni, kwa hiyo ngozi ikianza kuwaka, pumzika.