Mishipa ya macho imevimba kwa presha ya kichwani: namna ya kumsindikiza mgonjwa wako hadi upasuaji

Kazi yangu ni kushona kofia za vito, hapa Langoni, Lamu. Udaktari sikusomea. Lakini mdogo wangu alipoambiwa mishipa ya macho imevimba, mimi ndiye niliyevuka naye hadi Mokowe, tukapanda basi la Mombasa, na baadaye Nairobi. Maswali yote niliuliza mimi kwa sababu yeye alikuwa hana nguvu za kuuliza. Haya ni kwa atakayekuwa mahali pangu.

Elewa kwanza kinachovimba. Ubongo umezungukwa na maji, kama mililita 150 kwa mtu mzima. Mwili hutengeneza karibu nusu lita kila siku, na kiasi kama hicho hunyonywa kurudi kwenye damu. Mshipa wa kuonea (neva, si mshipa wa damu) unaotoka nyuma ya jicho kwenda ubongoni umevikwa ala inayoungana na ile iliyoufunika ubongo, na maji hayohayo hufika mpaka huko. Kwa hiyo presha ikipanda ndani ya fuvu, hupanda na ndani ya ala. Mshipa hubanwa, vinavyosafiri ndani ya nyuzi zake hukwama, na ncha yake iliyo ndani ya jicho hufura. Daktari akimulika jicho ataona duara lililofutika kingo.

Mdogo wangu alianza kwa kichwa kilichouma zaidi alfajiri, mvumo masikioni unaokwenda na mapigo ya moyo, na giza la sekunde chache kila alipoinama kwenye jiko. Jirani mmoja akasema jini, mwingine akasema anahitaji miwani. Kisomo tulisoma, na sina neno nacho. Ila usingoje kimalizike ndipo uende kliniki ya macho.

Na usipime macho kwa sindano. Yeye alikuwa bado anatunga uzi vizuri kabisa, huku punda mwenye mzigo akimpita ubavuni kichochoroni asimwone. Ugonjwa huu kwa kawaida hula pembeni kwanza, katikati hubaki mpaka mambo yamekwisha haribika. Kwa hiyo mwombe daktari apime upana wa kuona, kila jicho peke yake, na uombe nakala ya karatasi ile. Ndiyo utakayoonyesha kila hospitali, na ndiyo itakayosema kama hali inashuka.

Kabla ya kisu kuna vipimo. Presha ya damu ipimwe, maana ikipanda sana nayo hufurisha mshipa huohuo. Kisha picha ya kichwa, CT au MRI, pamoja na picha ya mishipa ya damu inayotoa damu ubongoni. Maji ya mgongo (ndiyo hayohayo ya ubongoni) yatolewe baada ya picha, si kabla, kwa kuwa kukiwa na uvimbe mkubwa ubongoni kuyatoa kunaweza kuleta hatari. Mgonjwa hulazwa ubavu, presha ya maji ikapimwa. Kwa mtu mzima ikifika sentimita 25 za maji au zaidi, imepanda. Kukiwa na uvimbe au njia ya maji imeziba, upasuaji ni wa kuondoa hicho. Kusipokuwa na chochote, mara nyingi huwa ni mwanamke kijana aliyeongezeka uzito. Beba dawa zote anazotumia, hata za chunusi: jamii ya tetrasaiklini (dawa za kuua bakteria) na vitamini A nyingi zinaweza kuleta haya.

Wengi wa hawa hawafiki chumba cha upasuaji. Hupewa asetazolamidi, dawa ya kupunguza maji hayo (itamtia ganzi vidoleni, msishtuke) na kupunguza uzito. Upasuaji huja pale macho yanaposhuka licha ya dawa, au yanaposhuka kwa kasi. Hapo usikubali kuambiwa urudi baada ya miezi mitatu bila kuuliza kwa nini.

Aina ya kwanza ya upasuaji hufanywa kwenye jicho lenyewe. Daktari hufungua ngozi nyembamba ya weupe wa jicho upande wa pua, huachilia kwa muda msuli unaovuta jicho ndani, hulizungusha jicho nje, kisha hukata kidirisha kwenye ala nyuma tu ya jicho. Maji hutoka, mshipa hupumua. Mimi ninayetoboa vitundu vya kofia kutwa nilimwelewa hapohapo: kinachokatwa ni kivazi, mshipa wenyewe hauguswi. Huokoa macho, lakini maumivu ya kichwa huenda yakabaki. Baadaye jicho huwa jekundu, na wengine huona viwili viwili kwa muda. Hatari ya kupoteza uwezo wa kuona ipo, ingawa ni ndogo; uliza waziwazi.

Aina ya pili ni mpira wa kutoa maji, wenyewe huuita shanti. Mpira mwembamba hutoka kwenye vyumba vya maji ubongoni, hupita chini ya ngozi ya shingo na kifua, humwaga tumboni, na katikati yake kuna valvu, kilango kinachopima maji yanayopita. Huu hushusha presha ya kichwa chote, kwa hiyo unafaa kichwa kinapouma sana pia. Ubaya wake ni kuziba na kuingia vijidudu, na wengine hurudi kufanyiwa tena. Kuna pia kuweka stenti, wavu mdogo wa chuma, ndani ya mshipa wa damu uliobana ubongoni. Huo si kwa kila mtu.

Swali langu kwa daktari lilikuwa hili: tunaokoa macho, au kichwa, au vyote? Jibu ndilo linalochagua upasuaji.

Malipo ya mwaka ya SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, yakamilishe kabla hujapanda boti, na uliza hospitali mapema wanachotaka kilipwe na nani.

Uvimbe wa mshipa wa jicho hushuka kwa wiki hadi miezi. Nyuzi zilizokufa hazirudi, na mshipa ukilala huku umepauka si habari njema, kwa hiyo upana wa kuona uendelee kupimwa. Mwenye shanti akitapika, akisinzia ovyo, kichwa kikirudi, macho yakififia, au akipata homa na tumbo kuuma, avuke usiku huohuo. Na kadi inayotaja aina ya valvu iwe mkobani daima: kuna valvu ambazo MRI hubadilisha mpangilio wake, na anayempiga picha lazima ajue kabla.