Kuzipitia Katuni Zako za Zamani: Ziba Maneno Kwanza

Mimi si mchoraji wa gazeti. Mchana nauza misumari, bawaba na rangi kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Ngamiani, Tanga, na wateja wakipungua nachora nyuma ya kaunta. Mwezi uliopita nilishusha kaunta buku nne zilizokuwa zinakula vumbi juu ya kabati. Zilikuwa na katuni 61 za visanduku vinne vinne, za tangu 2016, mbali na michoro ya haraka haraka ya wateja waliosimama muda mrefu wakibembeleza bei. Nilidhani nitacheka usiku kucha. Nilicheka mara tatu. Hizo 58 zilizobaki ndizo zilizonifundisha haya.

Utahitaji katuni zako, penseli, mkasi, karatasi chakavu na mtu mmoja asiyekuogopa. Mimi nilimtumia mpwa wangu wa miaka tisa.

Hatua ya 1: Zitandaze zote

Tandika mkeka, zipange kwa mwaka. Usianze kuchagua nzuri, kwa sababu ukichagua utabaki na zile unazozipenda, na hizo tayari unazijua. Nyuma ya kila moja andika tarehe kwa penseli, hata kama ni ya kukisia.

Hatua ya 2: Ziba maneno

Hapa ndipo penye kazi, usiharakishe. Kata vipande vya karatasi, funika kila kiputo cha maneno, kisha mpe yule mtu wako katuni na umwambie: nisimulie kinachotokea. Wewe nyamaza. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu.

Nilianza na katuni niliyokuwa najivunia kuliko zote. Mhusika wangu mkuu anaitwa Fundi Kesho, mshona nguo. Kisanduku cha kwanza, dada analeta kitambaa, anataka gauni la harusi Jumamosi. Cha pili, Jumamosi, anaambiwa "Njoo kesho." Cha tatu, vivyo hivyo. Cha nne anasema: "Fundi, harusi ilishapita mwaka jana, sasa nina mtoto na gauni lenyewe halinitoshi tena!"

Mpwa wangu akaitazama bila maneno, akasema, "Watu wawili wamesimama. Wamesimama. Wamesimama. Wamesimama."

Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimechora picha moja mara nne na kubadilisha maneno tu. Mtoto anayetajwa hayupo kwenye picha! Hiyo si katuni, ni mazungumzo yenye vichwa vya watu pembeni.

Sasa geuza zoezi: funika picha, soma maneno peke yake. Kama kichekesho kimekamilika bila picha, picha yako ilikuwa inakaa bure. Andika nyuma ya katuni herufi P kama picha ndiyo inayobeba, M kama ni maneno, na PM kama kila moja inamhitaji mwenzake. Kati ya zangu 61, zenye M zilikuwa 44. PM zilikuwa sita tu, na zile tatu zilizonichekesha zilikuwa humo.

Hatua ya 3: Tafuta unachokikwepa

Kila mchoraji ana vitu anavyovikimbia. Njia ya kuvigundua ni kuhesabu. Mimi nilihesabu mikono. Wanaume wangu karibu wote wameiweka mfukoni, kina mama wameificha ndani ya khanga, na muuza duka yuko nyuma ya kaunta, anaonekana kuanzia kifuani. Kuna polisi mmoja aliyefumbata mikono nyuma kama mwanafunzi paredi. Siwezi kuchora vidole, na kwa miaka yote hiyo nimekuwa nikitunga visa vinavyonisaidia nisivichore.

Halafu inua karatasi dirishani, uitazame kwa upande wa nyuma, mwanga ukipita. Picha ikigeuka, jicho lililopanda na taya lililopinda vinajitokeza, maana jicho lako halijazoea kuiona hivyo. Kisha irudishe upande wa mbele, uone nyuso zimeelekea wapi. Zangu nyingi zinatazama kushoto, jambo la kawaida kwa anayetumia mkono wa kulia, kwa sababu mkunjo wa uso wa upande huo unafuata mzunguko wa kiwiko. Lakini watu wawili wanaozungumza huku wote wanatazama kushoto, mmoja anaongea na kisogo cha mwenzake.

Hatua ya 4: Mpake mhusika weusi

Weka karatasi nyembamba juu ya mhusika wako, fuata mipaka yake, kisha mjaze wino mweusi mwili mzima. Anatambulika? Kipanya, yule panya wa mchora katuni Masoud Kipanya, unamjua kabla hujaona uso. Fundi Kesho wangu alipokuwa mweusi angeweza kuwa mtu yeyote aliyevaa suruali. Nikampa futi refu shingoni, ncha zikifika magotini, na mgongo uliopinda kwa cherehani. Basi.

Hatua ya 5: Kagua viputo

Neno la Kiswahili linaweza kuwa treni. "Watakapokurudishia" lina herufi 18, na ukichora kiputo kwanza utajikuta unalibana hadi halisomeki, au unalikata katikati. Andika maneno kwanza kwa penseli, ndipo uyazungushie kiputo. Anayeanza kusema akae juu, kushoto. Mimi nimejiwekea maneno yasiyozidi 12 kwa kiputo. Si sheria ya popote, ila kila nilipozidisha, niliyoyakata hayakunipa majuto.

Hatua ya 6: Chora upya moja tu

Ukisema utazirekebisha zote, hutarekebisha hata moja. Chagua yenye kisa kizuri na M kubwa nyuma yake.

Karatasi ya A4 ukiilaza ina milimita 297. Acha 15 kila upande, zinabaki 267. Mianya mitatu ya milimita 5 inachukua 15, zinabaki 252, yaani visanduku vinne vya milimita 63. Kimo mimi naweka 80. Chora kwa penseli ya HB bila kukandamiza, pitisha wino, kisha uache ukauke vizuri kabla ya kufuta. Huku pwani karatasi hunywa unyevu, kwa hiyo nasubiri hadi asubuhi. Niliwahi kufuta baada ya dakika kumi, nikampa bibi harusi ndevu.

Fundi Kesho mpya yuko hivi. Kisanduku cha kwanza hakikubadilika sana. Cha pili, dada amevaa vizuri kwa safari ya harusi, kasoro gauni; fundi: "Njoo kesho." Cha tatu, dada ana tumbo la miezi minane, kiputo kile kile. Cha nne, mtoto yuko mgongoni, na fundi ananyoosha mikono yote miwili kumkabidhi gauni, anatabasamu: "Si nilikwambia kesho?"

Dada hasemi chochote. Macho yake nimeyarudia mara tano kwenye karatasi ya pembeni.

Ukiipiga picha kwa simu, iweke karibu na dirisha lakini jua lisiipige, na simama juu yake wima, la sivyo visanduku vitapanuka upande mmoja.

Hatua ya 7: Rudi kwa yule yule

Nikaziba maneno, nikampa mpwa wangu. Akapita kisanduku kimoja kimoja kwa kidole. "Anataka nguo... hajapewa... ana mimba... ee, mtoto!" Akacheka. Kisha akaisogeza karatasi karibu na uso.

"Mjomba, mbona fundi ana vidole sita?"

Nikahesabu. Ni sita kweli.