SOMO: RAM ipo tele, seva inajikokota? Angalia NUMA kwanza

Wakuu, kabla hujamwambia bosi anunue RAM nyingine, fuata hatua hizi. Natumia Linux, kwenye seva yenye prosesa mbili.

Tangu AMD Opteron ya 2003, na kwa Intel tangu Nehalem ya 2008, kidhibiti cha RAM kimo ndani ya prosesa yenyewe. Kwa hiyo kila prosesa ina RAM yake ubavuni. Ya mwenzake inaifikia pia, ila kwa kuvuka. Mpangilio huu ndio NUMA, na prosesa pamoja na RAM yake huitwa nodi. Chumvi ya jikoni kwako na chumvi ya kuomba kwa jirani zote zinakoleza mchuzi, lakini ya jirani lazima utoke ukabishe hodi.

Hatua ya 1. Andika:

numactl --hardware

Utaona nodi zako, RAM iliyobaki kwa kila nodi, na jedwali la umbali. 10 ni nyumbani. Kwa jirani mara nyingi ni 21. Huo ni uwiano tu, si nanosekunde. Ukikuta nodi moja, tatizo lako liko kwingine.

Hatua ya 2. Tazama programu yako inakaa wapi:

numastat -p jina_la_programu

Hatua ya 3, na hapa ndipo wengi tunaumia. malloc, amri ya C ya kuomba RAM, haikupi RAM, inakupa ahadi. Ukurasa (kipande cha RAM) wa KB 4 hupatikana pale uzi (thread) wa kwanza unapouandikia, na kwa kawaida kerneli, yaani kiini cha Linux, huuchukua kwenye nodi ambako uzi huo unakimbia. Sasa wewe uzi mmoja unajaza sifuri safu (array) nzima, halafu unafungulia nyuzi 32. Data yote imeshalala nodi 0! Nusu ya nyuzi zitashinda zikibisha hodi. Nilihangaika siku mbili na kosa hili, na dawa yake ilikuwa mistari mitatu: kila uzi ujaze sehemu utakayoifanyia kazi.

Hatua ya 4. Programu inayotosha ndani ya nodi moja, ifunge hapo:

numactl --cpunodebind=0 --membind=0 ./programu

Kanzidata kubwa kuliko nodi moja, tawanya kurasa zake kwa zamu: --interleave=all.

MASWALI

— Mkuu, laptop yangu ya i7 nayo?
Prosesa moja, nodi moja. Lala usingizi.

— Nikiweka --membind na nodi ikajaa, si itakopa kwa jirani?
Haikopi. Itaanza kusukuma kurasa diskini, na ikishindikana kerneli inaiua programu, hata kama nodi 1 ina GB 100 zimelala. Ukitaka iruhusiwe kukopa, tumia --preferred=0.

— Siku hizi kerneli si inajipanga yenyewe?
Inajaribu, tangu toleo la 3.8 la 2013. Kila baada ya muda inazifungia kurasa kadhaa ione ni nodi gani itakuja kuzigusa, kisha inazihamishia huko. Lakini kila ikifunga, prosesa nyingine lazima ziambiwe zifute anwani za zamani zilizojiwekea kwenye TLB (daftari dogo la anwani ndani ya prosesa), na hilo lina gharama. Soma /proc/sys/kernel/numa_balancing. Kama umeshafunga programu kwa mkono, jaribu kuweka 0 humo ili kuizima, upime mzigo uleule kabla na baada.