Mtoto mwenye usonji anayekataa kila unachomwambia: jinsi ya kuishi naye bila vita kila siku

Naanza na viatu kwa sababu kwetu vita vilikuwa vinaanzia hapo. Unamwambia mtoto "vaa viatu tutoke", na safari yenyewe ni ya mahali anapopapenda, kaomba tangu wiki iliyopita, alafu anagoma. Kwanza anakuuliza maswali ambayo hayaishi, mara mguu unamuuma, mara yeye sasa hivi ni paka na paka hawavai viatu, ukikaza anakirusha kiatu, ukizidi kukaza analala chini anapiga mayowe mpaka unatetemeka na wewe. Mimi nilidhani ni ukorofi. Nilimgombeza, nikamnyang'anya tableti, nikabandika chati ya stika ukutani, kila nilichoongeza kikazidisha moto. Kama umefika hapo na mtoto wako ana usonji, au unahisi anao, soma taratibu, haya ndiyo mambo ambayo natamani mtu angenikalisha chini akaniambia mapema.

Hii hali ilishaelezewa zamani kidogo. Mwanasaikolojia mmoja wa Uingereza, Elizabeth Newson, alikuwa Nottingham, ndiye aliyeanza kuizungumzia miaka ya 1980, manake alikuwa analetewa watoto ambao walikuwa wanafanana wao kwa wao lakini hawafanani sana na picha ya usonji ya wakati ule. Wanaongea vizuri, wana mawazo mengi, wanaigiza, wanajua kabisa kumzungusha mtu mzima, ila ukiwaagiza kitu cha kawaida kabisa hawakifanyi. Mwaka 2003 yeye na wenzake wakaichapisha kwenye jarida la kitabibu. Kifupi chake ni PDA, yaani Pathological Demand Avoidance, kukwepa maagizo kupita kiasi. Hilo neno "pathological" linamfanya mtoto aonekane anaumwa ugonjwa wa ubishi, ndio maana watu wengi hawalipendi, na wapo watu wazima wenye hali hii wanaopenda isemwe ni hitaji kubwa la kujiamulia mwenyewe. Kwangu hilo linaeleza vizuri zaidi.

Sasa, usishangae daktari akikuambia hiyo haipo. Kwenye vitabu viwili wanavyotumia kutambua hali za akili na makuzi, DSM-5 na ICD-11, haimo kama hali inayojitegemea, na wataalamu bado wanabishana kama ni aina ya usonji au ni usonji uliochanganyika na wasiwasi mkubwa. Kuna dodoso la maswali 26 ambalo wazazi wengi wanalikuta mtandaoni, lile lilitengenezwa kwa ajili ya utafiti, likikupa alama nyingi sio kwamba umepata jibu la daktari. Ushauri wangu usimalize nguvu zako kupigania jina. Mwombe aandike anachokiona, kwamba mtoto ana usonji na anakwepa maagizo kupita kiasi kwa sababu ya wasiwasi. Sentensi hiyo tu inatosha kwenda nayo shule.

Na kabla hujasema ni hii, angalia mengine. Kuna mtoto anakataa viatu kwa sababu mshono wa soksi unamchoma kama sindano. Kuna asiyesikia vizuri, kuna anayeumwa tumbo hajui kulisema, kuna anayeonewa shuleni, kuna ambaye maneno yako matatu kwa mpigo hayajamwingia. Hayo yana tiba zake tofauti.

Kitu cha kuelewa, na hiki ukikielewa mengine yote yanakuwa mepesi, ni kwamba mtoto huyu hajakaa akaamua kukataa. Agizo likimfikia, mwili wake unalipokea kama hatari. Moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, akili ya kufikiri inafunga duka, na anayebaki pale ni kiumbe anayejiokoa: anapigana, anakimbia, anaganda au anakuchekesha ili usahau ulichomwambia. Ushahidi mkubwa kwangu ni kwamba anakwepa hata anavyovitaka mwenyewe. Binti yangu anapenda kuchora kuliko kitu chochote, lakini siku akisema tu "leo lazima nimalize picha yangu" ndio basi, haikaliki ile picha, analia kwamba mkono haumtii. Hata njaa ni agizo, hata haja ndogo ni agizo, mwili unamwamuru naye anagoma kuamriwa, ndio maana wengine wanajizuia mpaka wanajikojolea huku choo kiko hatua tano. Mtoto mkorofi hawezi kujikorofisha mwenyewe namna hiyo.

Kwa hiyo uanzie wapi? Anza kwa kuhesabu. Chukua asubuhi moja, usibadilishe chochote, hesabu maagizo yanayotoka kinywani mwako tangu anaamka mpaka mnatoka mlangoni. Mimi niliacha nilipofika 40 na ilikuwa haijafika saa nzima. Na usihesabu amri tu. Swali ni agizo kwa sababu linadai jibu, "umelalaje?" ni agizo, "unakumbuka leo tunaenda wapi?" ni agizo, kuangalia saa kwa kuhema ni agizo, kumsimamia mlangoni umeshika begi ni agizo kubwa kabisa hata kama umefunga mdomo. Hata sifa. Ukimwambia "safi sana, umejivika mwenyewe!" yeye anasikia kesho nategemewa nifanye tena, na kesho hafanyi.

Ukishahesabu, punguza, na punguza kweli kweli sio kwa kuonja. Baki na machache ambayo huwezi kuyaachia: barabara, moto, kuumiza mtu, dawa alizoandikiwa. Mengine yote jiulize kwa ukweli, hiki kisipofanyika leo kuna nini kitaharibika? Nguo zisizoendana hazijamuua mtu. Kula amekaa chini ya meza, sawa. Kulala na nguo za kesho yake ili asubuhi kusiwe na mapambano, kwetu ilituokoa miezi mingi. Kwa yale machache yaliyobaki, sheria isiwe ya kwako. Usiseme "nimesema funga mkanda", sema "gari haliondoki mpaka mikanda yote ifungwe" alafu funga wa kwako ukae kimya, usimwangalie. Sheria ikiwa juu yenu wote wawili hamna aliyeshindwa.

Lugha ndio kazi kubwa na inachukua muda mdomo kuzoea. Badala ya kuagiza, eleza kilichopo. "Viatu viko pale mlangoni." "Naona nje kumeanza kupoa." "Mimi natangulia kwenye gari." Alafu ondoka, na hapa ndipo wengi tunaharibu, tunasema sentensi nzuri alafu tunasimama kusubiri matokeo, mtoto anakusoma usoni kwamba ile ilikuwa amri imevalishwa nguo nyingine. Mpe nafasi, wakati mwingine dakika 10, wakati mwingine haifanyiki kabisa. Njia nyingine ni kuomba msaada kwa kitu ambacho kweli unahitaji: "hili begi silielewi linafungwaje." Au mchezo, mimi nimevaa kiatu chake mkononi nikawa naongea na kile kiatu kinalalamika hakina mguu. Machaguo mawili yanasaidia, lakini acha mlango wa tatu, "au una wazo lako?", kwa sababu machaguo mawili uliyoyapanga wewe mtoto wa aina hii anayaona ni mtego.

Hakuna njia itakayofanya kazi siku zote, hilo lijue mapema usije ukajilaumu. Kile kiatu kinachoongea kilidumu wiki mbili, siku moja akaniambia "mama acha", na kweli nikaacha. Unakuwa na njia kadhaa mfukoni unabadilisha. Na usimdanganye. Watoto hawa wanaunusa ujanja, ukimshika kwa hila mara moja hiyo imani itakugharimu kuirudisha.

Zile chati za zawadi na adhabu je? Zinawasaidia watoto wengine, kwa hawa mara nyingi zinaongeza presha, kwa sababu zawadi ni agizo lenye kamba. Anaitaka, hawezi kufikia, anajiona mbovu, alafu stika za mdogo wake zinajaa ukutani anaziona kila siku. Mimi yetu niliibandua, na siku niliyoibandua aliniuliza kama bado nampenda. Sitaki kulisema zaidi hilo.

Mlipuko ukija. Kwanza jua dalili zake mapema, kila mtoto ana zake, wangu anaanza kuongea haraka na kurudia swali lile lile, mwingine utani wake unakuwa wa matusi, mwingine ananyamaza ghafla. Hapo ndio pa kuondoa maagizo yote, hata yale uliyokuwa umeyabakiza, isipokuwa ya usalama tu. Ukishachelewa na moto umewaka, usifundishe. Punguza maneno mpaka karibu na sifuri, kaa chini usiwe mrefu juu yake, usimshike kama hataki kushikwa isipokuwa anaelekea kuumia, watoe watoto wengine chumbani, ondoa vitu vya kurushwa, punguza mwanga na kelele. Subiri. Baadaye mwili wake hautulii kwa dakika moja, anaweza akaonekana kapoa lakini agizo dogo tu linawasha tena, kwa hiyo saa kadhaa zinazofuata ziwe laini. Na mahojiano ya "kwa nini ulifanya vile" hayana faida, mara nyingi hajui, na anaona aibu kuliko unavyodhani. Kama kuna la kuzungumza, zungumzeni kesho, mkiwa ubavu kwa ubavu mnafanya kitu kingine, maneno machache tu.

Mtoto akianza kusema anataka kufa au akijiumiza, hilo sio la kusubiri kesho, tafuta daktari siku hiyo hiyo.

Shule nayo. Utaambiwa "hapa hana shida yoyote, ni mtoto mzuri sana", na wewe unajua akifika mlangoni kwako begi linaruka na nyumba inawaka. Sio kwamba wewe ndio mbovu. Anajikaza siku nzima, anatumia nguvu zote kuonekana sawa, na analipukia mahali anapojisikia salama. Mweleze mwalimu hivyo bila kugombana, na uombe vitu vidogo vinavyoshikika: mtu mzima mmoja anayemwamini, ruhusa ya kutoka darasani bila kunyoosha mkono na kuomba mbele ya wenzake, kazi za nyumbani zipunguzwe au zifutwe kwa muda, asisomeshwe kwa sauti ghafla. Kama amefikia kukataa shule kabisa, analala sana, ameacha hata michezo aliyoipenda, hapo anaweza kuwa ameishiwa nguvu kabisa, na kumburuta kurudi kunaweza kumzamisha zaidi. Zungumza na shule na daktari mpange kurudi kwa vipande, na kabla ya hapo mpe mapumziko ya kweli, ambayo yanaweza kuchukua miezi.

Ndugu watasema mnamdekeza. Watasema dunia haitamwonea huruma. Na swali lenyewe ni la haki, nami nilijiuliza usiku mwingi, atajifunza lini? Nilichokiona ni kwamba mtoto aliye kwenye hofu hajifunzi chochote zaidi ya hofu. Maagizo unayoyapunguza sio ya milele, ni kama mzani, siku mwili umetulia unaongeza kidogo, siku ameamka vibaya unatoa. Nikuambie ukweli pia kwamba sehemu kubwa ya ushauri huu imetoka kwa wazazi, walimu na watu wazima wenyewe walioishi na hali hii, utafiti wa kupima njia hizi bado ni mchache. Kwa hiyo jaribu, andika kwenye daftari nini kimesaidia na nini kimeharibu, mtoto wako ndiye atakayekuonyesha.

Ndugu zake usiwasahau. Wanaona yeye hatandiki kitanda na wao wanatandika, na wana haki ya kukasirika. Wape maelezo ya kweli kwa umri wao, kwamba ubongo wa dada unasikia amri kama kengele ya moto, na kila mmoja apate muda wake na wewe ambao haukatizwi, hata nusu saa tu ya mlango kufungwa.

Wewe nawe utachoka, utapiga kelele siku moja ulishaapa hutapiga. Rudi umwombe msamaha kwa maneno mafupi bila kumdai akusamehe, hilo nalo lingekuwa agizo. Kama nyumbani mko watu wazima wawili wekeni neno moja la siri, sisi letu ni "chaja", nikisema "sijui chaja yangu iko wapi" mwenzangu anaingia mimi natoka nje dakika chache, bila maswali na bila kuulizana baadaye nani alitoka mara ngapi.