Kimekomi: kumvika mwanasesere wa Kijapani bila sindano

Swali la kwanza ninaloulizwa ni: "Hii nguo umeishonaje?" Sijaishona. Kitambaa chote kimechomekwa kwenye mifuo iliyochongwa mwilini, ndiyo maana ya kimekomi. Asili yake ni hekalu la Kamigamo, Kyoto, kati ya 1736 na 1741. Inasimuliwa kuwa mhudumu wa hekalu, Takahashi Tadashige, alichonga vijisanamu kwa mabaki ya mierebi, akavivika vipande vya nguo.

1. Mwili. Mafundi wa Tokyo hukanda unga wa mbao ya kiri, mti mwepesi sana, kwa gundi ya wanga wa ngano, kisha huushindilia kwenye kalibu ya vipande viwili. Wewe omba unga wa mbao laini kwa seremala (wa mvule uache, unawasha pua), uchekeche, ukande na uji mzito wa ngano mpaka uwe kama donge la chapati. Finyanga yai lenye kitako bapa, kimo sentimita 12. Mikono usihangaike nayo, tutaidanganya kwa nguo. Kausha kivulini wiki nzima, juani litapasuka. Piga msasa.

2. Mifuo. Kazi yote iko hapa. Chora kwa penseli ukosi, mikono ya nguo na pindo, kisha chonga kwa kisu chembamba, kina milimita 2 hadi 3. Mfuo usiofika chini hutema kitambaa. Ulio mpana huacha mdomo wazi ambao hakuna gundi itakayouziba. Mimi hupima kwa ukucha: ukizama na kubanwa, inatosha.

3. Kitambaa. Wajapani hupenda chirimen, hariri yenye vikunjo vidogo inayonyumbulika na kufuata mwili. Ukikosa, pamba laini itafaa. Kitenge kipya ni kigumu, kifue kwanza. Lalisha karatasi nyembamba juu ya sehemu unayotaka kuvika, pitisha ukucha juu ya mifuo upate alama, kisha kata kitambaa ukiongeza milimita 5 kila upande. Penye mviringo, kata mshazari.

4. Kuchomeka. Gundi iingie ndani ya mfuo tu. Mwanasesere wangu wa kwanza nilimpaka mwili mzima, gundi ikapenya hariri, akawa na mabaka kama aliyemwagiwa chai. Anza na ukosi wa ndani, ufuate wa nje, halafu vazi, mikono mwishoni. Kwa kila kipande, bonyeza kwanza katikati ya kila upande kwa tupa bapa ya kucha, ndipo uelekee pembeni. Ukianzia pembeni, mkunjo utakusubiri katikati. Kitambaa kilichozidi kikate kwa mkasi mdogo sawasawa na ukingo, kisha sukuma nyuzi zizame.

5. Kichwa. Wenye ufundi hukipaka gofun, unga wa maganda ya chaza uliochanganywa na gundi ya wanyama, tabaka juu ya tabaka, na nywele ni nyuzi za hariri. Hiyo ni fani ya mtu mwingine kabisa. Tumia gololi ya mbao, rangi nyeupe isiyong'aa, na mistari miwili ya macho. Kibandike mwisho, kikiinama kidogo mbele, ili kidevu kifiche mahali kosi mbili zilipokutana.